Polina na Besi Isiyonyamaza

Wiki ile Polina alipofariki, Jacktone Osewe aliambiwa maneno mengi akajibu machache. Watu wa Rangwe hawakushangaa. Mzee huyo tangu ujana maneno yake ni ya kupimwa kwa kijiko. Ukimsalimia atakujibu, ukimuuliza njia atakuonyesha kwa kidevu, ukimwambia pole atainamisha kichwa. Basi.

Lakini shemeji yake Rael, mdogo wa marehemu, alipofika kutoka Kehancha alimkuta ameketi peke yake nje ya nyumba. Akavuta kiti, akakaa naye uso kwa uso.

"Shemeji, nasikia bendi itapiga baada ya ibada."

"Itapiga."

"Na nyinyi Wajaluo, muziki ukipigwa, mtu huusimamisha akasema ya moyoni mwake. Ama nimesahau?"

"Hujasahau."

"Sasa dada yangu nani atamsimamishia?"

Jacktone alitazama miguu yake. "Mimi."

Rael alicheka kidogo, machozi yakiwa bado machoni. "Wewe? Haya. Mungu akusaidie, maana dada yangu aliingoja siku hiyo mpaka akachoka."

Beverly, binti yao wa kwanza, alikuwa mlangoni amebeba sufuria ya chai. Alisikia. "Baba, mimi naweza kukusemea. Niambie tu unataka kisemwe nini, nitasimama."

"Hapana, mama," Jacktone akasema. "Hiyo si ya kutumwa mtu."

Turubai, viti, ng'ombe wa kuchinja, hayo yote yalikuwa na wenyewe wa kuyashughulikia. Yeye alibaki na kazi moja: kunyoosha mkono mbele ya watu, bendi inyamaze, amsifu mkewe kwa kinywa chake. Wajaluo wanaita pakruok. Mtu anausimamisha muziki, anajitaja jina na kwao, anawasifu anaowapenda, na akimaliza ni yeye mwenyewe anayewaachilia wapigaji waendelee. Mwingine hawezi kuwaachilia kwa niaba yake. Jacktone alikuwa ameona wanaume wakifanya hivyo maisha yake yote, wengine wakijisifu mpaka sahani za nyama zikapoa. Yeye hajafanya hata mara moja.

Na mtu wa kumsifu hakuwa mdogo.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Pauline, lakini watu wa ziwani walimwita Polina, naye akaitika. Wale waliokuwa vijana enzi za suruali pana wanasema kabla yake hawakuwahi kumwona mwanamke pande hizi ameshika gita la besi. Wanasema pia yeye ndiye aliyewazoeza soul na fanki wakati kila kona ya Homa Bay ilikuwa benga ya Kijaluo asubuhi, benga jioni.

Alizaliwa Kehancha, nyumbani kwa mzee Nchagwa, mpigaji wa iritungu. Iritungu ni zeze kubwa la Wakuria, lina nyuzi nane, na sauti yake inatoka chini kama ng'ombe anayemwita ndama. Ni chombo cha wanaume. Msichana hakukigusa. Lakini mzee Nchagwa alipokaa kula, zeze lilihitaji mtu wa kulishika lisianguke, na aliyekuwa karibu kila mara ni Polina. Akilishika, kidole gumba hakitulii. Mzee anasikia, anaendelea kutafuna. Kadiri miaka ilivyokwenda mzee akawa anakula polepole zaidi na zaidi, mpaka mkewe akamuuliza kama siku hizi chakula chake kina kasoro.

Alipokuwa msichana mkubwa alitumwa Homa Bay kukaa na shangazi yake, aliyeuza maharagwe sokoni. Karibu na gati palikuwa na baa yenye ukumbi nyuma, na katika baa hiyo kijana mmoja wa meli za ziwani alikuwa ameacha santuri za Wamarekani weusi. Mwenye baa alizipenda kwa sababu wateja waliokuja kuzishangaa walinunua soda wakishangaa. Jacktone alifanya kazi hapo. Alitunza jenereta na betri. Shule hakuiona, lakini injini alizijua kwa kuzisikiliza, na mwenye baa alisema ikikohoa tu Jacktone anajua ni kifua au ni tumbo.

Mchana mmoja Polina alikuwa akipita na debe la maharagwe kichwani. Santuri ilikuwa inaimba. Akasimama mlangoni, debe likiwa palepale juu. Jacktone alikuwa amechuchumaa hapo akimimina maji ya betri.

"Kaka," msichana akasema. "Huyo anayetembea kule chini ni nani?"

Jacktone alidhani anauliza mtu wa gatini. Akatazama ziwani. Hakuna mtu.

"Si huko! Ndani ya wimbo. Kuna mmoja anaimba, kuna wengine wanapiga kelele zao. Lakini kuna mmoja anatembea chini yao wote, wala hana haraka. Huyo."

Jacktone akasikiliza. Alikuwa amezisikia santuri hizo mpaka zikamchosha, lakini hakuwa amemsikia huyo.

"Besi," akasema.

"Na wewe unaitwa nani?"

"Jacktone."

"Hayo maneno yako unayanunua dukani?" Msichana akaenda zake akicheka, debe halikutikisika. Siku hiyo Jacktone alimwaga maji ya betri kwenye kiatu chake.

Polina akawa anapita hapo kila siku. Shangazi alishangaa jinsi njia ya kutoka sokoni ilivyorefuka. Baadaye ikajulikana kwamba bendi ya ukumbi ule, Asego Soul, imeachwa na mpigaji wake wa besi. Kijana huyo alisikia kuna dhahabu Nyatike, akaenda kuchimba, akaacha gita limeegemea ukuta. Kiongozi wa bendi alikuwa Sammy, mpigaji wa solo, mrefu, mwenye nywele kubwa ambazo hazikuingia kwenye kofia yoyote. Sammy alijaribu watu watatu wanne. Wote walipiga benga. Aliwaambia polepole, wakapiga benga polepole.

Polina aliingia, akaliweka debe chini, akaliomba gita. Alilishika kama alivyolishika zeze la baba yake, limelala pajani, akaupiga uzi mnene kwa kidole gumba. Haukubembelezwa, ulipigwa kama mtu anayebisha mlango wa mdeni wake.

"Besi haipigwi kwa gumba, dada," Sammy akasema.

"Kwenu."

"Kwetu na kwa Wamarekani."

"Kwetu inapigwa. Washa hiyo mashine yako tusikie."

Jacktone ndiye aliyeiwasha. Sauti iliyotoka ilitikisa chupa kwenye kaunta. Sammy akachukua gita lake. Hakuuliza tena habari ya gumba.

Siku ya kwanza Polina kupiga mbele ya watu ilikuwa bugi, dansi ya Jumapili mchana, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Vijana wa shule, wavuvi, makarani, wanawake wa sokoni waliokuja kumwona mwenzao. Na meza ya mbele aliketi Bwana Ogwang', mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mkubwa kwa mwili na kwa sifa. Ogwang' hakuja kucheza. Alikuja kusimamisha muziki, kama alivyosimamisha muziki wa kila bendi iliyowahi kufika Homa Bay.

Sasa hapa ndipo palipokuwa na jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kumwambia msichana wa Kikuria. Kila mtu alidhani anajua. Mjaluo hujifunza hilo kabla hajajua kuvaa kaptula: mkubwa akinyoosha mkono, mikono yote inaachia nyuzi.

Wimbo ulikuwa umenoga. Ogwang' akanyanyuka, akanyoosha mkono wake wenye saa. Sammy akaacha. Mpiga ngoma akaacha. Polina akaona wenzake wamekatika katikati ya njia. Akafikiri wamepotea! Maskini, akafikiri, wamesahau wimbo, na watu wote hawa wanatazama. Akakaza gumba. Akapiga ileile, palepale, taratibu, awashikie njia mpaka waione.

Ukumbi uliganda. Ogwang' alikuwa amefungua kinywa, akakifunga.

"Nani huyo?" akasema. "Mnyamazisheni!"

Sammy, jasho likimtiririka, alimgeukia Jacktone aliyekuwa kwenye mlango wa nyuma. Akampungia mkono: zima jenereta. Jacktone aliweka mkono kwenye swichi. Akamtazama Polina. Alikuwa amefumba macho, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, anawashikia njia watu ambao hawakupotea. Jacktone akautoa mkono wake pale, akauweka mfukoni.

Ogwang' aliona hakuna anayemsaidia. Akaanza kujisifu hivyohivyo, kwa hasira. "Mimi Ogwang'!" Besi ikajibu chini yake. Akasimama kidogo. "Mimi Ogwang', mjukuu wa..." Ikajibu tena. Watu waliona mabega yake yakianza kusogea bila ruhusa yake. Maneno yake, ambayo siku zote yalianguka kwenye ukimya kama mawe, sasa yalikuwa na mahali pa kukaa. Akamsifu babu yake. Akawasifu wake zake kwa zamu. Akamsifu fahali mmoja aliyekufa zamani. Alisema mpaka sauti ikakauka, na aliposema "Haya, pigeni!", ngoma na gita vikaingia juu ya besi kwa pamoja, na sakafu ya ukumbi ule, watu wanasema, ilishuka kidogo na haikurudi.

Ogwang' alimwita Sammy mezani. "Huyo binti," akasema, "nikisimama asiniache peke yangu tena. Umesikia?"

Basi ikawa ndiyo desturi ya Asego Soul. Wengine wote wananyamaza, besi inabaki. Bendi nyingine zilijaribu kuiga. Lakini wapigaji wao wa besi walikuwa Wajaluo; mkono ukinyooshwa tu vidole vyao vinakufa vyenyewe, heshima imewaingia mpaka kwenye mifupa. Polina peke yake ndiye aliyeweza. Alipoelezwa kosa lake alijifunika uso kwa leso mchana kutwa, halafu akasema, "Sasa si mngeniambia! Mimi nawahurumia nikidhani mmepotea, kumbe ni adabu."

Na Jacktone? Sammy alimfokea kwa nini hakuzima. Jacktone akasema, "Ilikuwa inakwenda vizuri." Polina alisikia hayo. Ndani ya mwaka walikuwa wameoana. Mtu akimuuliza Polina ni nini kilichomvuta kwa mwanamume asiyesema, alijibu, "Huyo alisema mara moja, inatosha." Lakini alikuwa anatania. Haikutosha, na wote wawili walijua.

Asego Soul walipiga Homa Bay, wakapiga Migori, wakapiga Sori kwa wavuvi, ambao walicheza na magamba ya samaki mikononi na kuyabandika kwenye mashati ya makarani. Jacktone alikwenda nao na jenereta. Polina alikuwa anavaa gauni lenye mikono mipana kama mbawa na viatu virefu ambavyo alivivua wimbo wa pili. Akaimba pia, kwa Kiswahili, Kijaluo na Kikuria, na Kiingereza cha kubahatisha. "Kiingereza changu ni cha mdundo tu," alisema. "Maana mtafute wenyewe."

Mara moja walipiga Kehancha. Polina hakula siku hiyo. Wazee wa kwao walikuwa wamesema maneno: mtoto wa Nchagwa amevua aibu, anapiga nyuzi mbele ya wanaume, tena na umeme. Mzee Nchagwa mwenyewe alifika mapema kuliko watu wote, akaketi mbele kabisa na fimbo yake katikati ya magoti. Alisikiliza mwanzo mpaka mwisho bila kutikisa hata sikio. Walipomaliza Polina alishuka, akapiga magoti mbele yake.

"Baba."

Mzee aliegemea fimbo yake. Kisha akasema, "Uzi wa tatu umelegea."

Akaondoka. Polina alilia njia nzima mpaka Migori, kwa furaha, na Jacktone akiwa nyuma ya lori na jenereta hakuelewa, mpaka akaelezwa: kujua kwamba wa tatu ndio umelegea, lazima mtu awe amesikiliza nyuzi zote nne.

Bendi haikudumu milele. Mashine zikafa moja moja. Sammy akapata kazi ya kuuza spea Migori, nywele zikapungua zenyewe. Polina akazaa, akalea, akarudi kwenye maharagwe, safari hii soko la Rangwe na meza yake mwenyewe. Walipojiunga na kanisa la hapo alikaa mwaka mmoja akisikiliza kwaya kwa uvumilivu wa Kikristo. Halafu akamwendea mchungaji. "Mchungaji, nyimbo zenu ni nzuri, lakini hazina miguu." Mchungaji akafikiri sana, akamruhusu besi, akamwomba tu asiipige kama ya baa. Polina alisema sawa. Akaipiga ileile. Waumini waliongezeka, na mchungaji akamshukuru Mungu bila kuuliza zaidi.

Kanisani huko alimfundisha Scovia, binti wa jirani, mshonaji nguo, mpaka Scovia naye akawa anapiga kwa gumba.

Na kila palipokuwa na sherehe, arusi au mavuno au mtoto wa mtu amefaulu, muziki ukisimamishwa na wanaume wakiwasifu wake zao, Polina alimsogelea mumewe sikioni.

"Baba Beverly. Umeona yule? Mke wake hata chapati hajui, na amesifiwa mpaka kwao Ndhiwa."

"Nimeona."

"Wewe utanisimamishia lini?"

"Kesho."

"Hiyo kesho yako sijui inatoka nchi gani, maana haifiki."

Alisema akicheka. Akampiga bega. Jacktone naye alicheka. Lakini kila mara alikuwa amekwisha kuunyanyua mkono kidogo chini ya meza, na mkono ukarudi.

Sukari ndiyo iliyomwondoa Polina. Miguu kwanza, kisha macho, kisha yeye mwenyewe, asubuhi, Jacktone akiwa anamchemshia maji.

Siku ya maziko jua lilikuwa kali. Watu walijaa boma lote. Kaburi lilikuwa limechimbwa mkono wa kushoto wa nyumba, mahali pa mke kwa desturi. Ndugu wa Kehancha walikuja na gari zima. Ibada ikaenda, kwaya ikaimba, mchungaji akahubiri kwa kifupi kuliko kawaida yake kwa sababu alikuwa analia. Mwili ulikuwa bado juu, jeneza limewekwa kwenye meza chini ya turubai. Jacktone ndiye aliyeomba iwe hivyo: muziki kwanza, udongo baadaye.

Sammy alitoka Migori na gita lake na kipara chake. Mpiga ngoma alikuwa wa kwaya. Scovia alikaa na besi ya Polina, imelala pajani. Kabla hawajaanza Beverly alimsogelea baba yake.

"Baba, kama itakuwa ngumu, nitazame tu. Nitasimama."

"Kaa karibu," Jacktone akasema.

Wakaanza wimbo wa zamani wa ukumbi wa gatini. Watu wa umri ule wakapiga kelele. Rael akaingia uwanjani na wanawake wa Kikuria, wakacheza kwa mabega. Jacktone alisimama. Waliomwona wakaanza kugusana viwiko. Alitembea mpaka mbele ya jeneza, akageuka, akanyoosha mkono wa kulia juu kabisa, kama mtu anayesimamisha gari.

Gita likanyamaza. Ngoma ikanyamaza. Besi ikabaki, inatembea.

"Mimi," akasema. "Mimi Jacktone. Wa hapa Rangwe."

Maneno yakaisha. Boma zima lilisubiri. Besi ikazunguka, ikarudi ilikoanzia, ikazunguka tena. Beverly aliuma kidole. Jacktone hakumtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza, kama alivyozoea kusikiliza injini kabla ya kuigusa.

"Polepole, omera, ndugu yangu," Sammy akamwambia kwa sauti ya chini. "Mlango uko wazi."

"Mimi sina fahali wa kuwasifia," Jacktone akasema. Watu wakacheka kwa upole. "Shule sina. Nywele kama za huyu Sammy sikuwahi kuwa nazo, na yeye sasa hana."

"Weee!" watu wakaitikia. Sammy akajigusa kipara.

"Nina Polina." Akaligeukia jeneza. "Nyar Kehancha, binti wa Kehancha. Mlango wetu unalia. Mnaujua, mmeingia wote. Nilitaka kuutia mafuta, akanikataza. Akasema unalia kwa sauti ya uzi wa kwanza, yeye hukaza nyuzi za besi yake kwa kuufuata mlango. Tumeishi na mlango unaolia, watoto wamekua na mlango unaolia."

Besi ilikuwa chini yake, na maneno yakaanza kutoka mahali ambapo hata yeye hakujua yamekaa.

"Polina anatembea haraka. Tukienda Homa Bay anafika kabla yangu, anakaa, nikifika anasema amenisubiri tangu asubuhi. Uongo. Polina anagombana na redio. Wakikosea wimbo anaizima, anaimba mwenyewe mpaka mwisho, halafu anaiwasha. Chumvi anaweka mwisho, mimi nikilalamika anasema ulimi wangu ni wa jenereta. Alipoacha kuona, aliwajua watu kwa hatua. Mtu akiwa bado barabarani ananiambia fulani anakuja, na leo ana hasira. Kweli, anafika ana hasira." Wanawake walikuwa wanacheka na kulia. "Mikono yake ilikuwa na harufu ya maharagwe makavu. Alikuwa ananipigia mgongoni tukiwa tumelala, kwa gumba, wimbo ambao hajautunga bado. Asubuhi nilikuwa naujua kabla ya Sammy. Nyimbo zote za Asego Soul zilianzia mgongoni mwangu. Hilo sikuwaambia."

"Sema, Baba!" Beverly akaita. Alikuwa amesahau kwamba alitaka kusimama.

Akasema. Hakuna aliyewahi kumsikia Jacktone akisema vile, na hakuna aliyemkatiza. Alimtaja Polina kwa jina la ubatizo, kwa jina la kwao, kwa jina la mama wa watoto wake. Alimsifu kwa kuchagua mbegu, kwa kunyamaza mtu akiwa mgonjwa, kwa kucheka kanisani. Jua likahama kwenye turubai. Akawa sasa anayarudia maneno aliyokwisha kuyasema. Watu wakaanza kuelewa, mmoja mmoja, kwa nini hamalizi. Aliyesimamisha ndiye anayeachilia. Akiachilia, wimbo utakwenda mpaka mwisho wake, na baada ya wimbo ni kaburi.

"Polina," akasema. "Nyar Kehancha. Polina."

Mchungaji alisogea, Rael akamzuia kwa mkono. "Mwache. Ruhusa haijatoka kinywani mwake."

Jacktone aligeuka kuwatazama wapigaji. Akamwona Scovia. Binti huyo alikuwa hajainua macho tangu mwanzo. Gumba lake lilikuwa limevimba, jekundu, na kwenye uzi mnene palikuwa na damu kidogo. Alikuwa anauma mdomo, na hakuwa amekosa hata pigo moja. Jacktone alilijua jeraha hilo. Miaka ya bendi alikuwa akilipaka mafuta ya ng'ombe kwenye gumba la Polina kila walipotoka ukumbini, na kulifunga kwa kitambaa, na kukemewa kwamba anafunga kama anafunga mguu wa kuku.

"Mtoto ameumia," akasema. Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ndogo, ya kila siku. "Ameumia, na nyinyi mnatazama tu."

Hakuna aliyejua anaambiwa nani.

Jacktone alivuta pumzi. "Haya," akasema. "Pigeni. Muwe wepesi, apumzike."

Ngoma ikaingia, gita likaingia, boma lote likaingia. Wazee waliokuja na mikongojo waliiegemeza kwenye ua. Vumbi likapanda mpaka kwenye turubai, Wakuria kwa mabega, Wajaluo kwa viuno, mchungaji akijifanya anapanga viti.

Jacktone hakucheza. Mkono wake ulikuwa umesahaulika juu, bado umenyooka. Beverly akaja akaushika, akaushusha taratibu, akausugua kwa viganja vyake viwili mpaka ukapata joto, na walisimama hivyo mbele ya jeneza, wakisubiri wimbo uishe.